Siku Mahakama Ilipotugawa Mimi na Rani

Mwanangu, siku ile naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Nilisimamishwa katikati ya chumba cha mahakama kule Voi, nikaambiwa nivue kitambaa kichwani, kisha nigeuke polepole ili hakimu anitazame vizuri. Nilikuwa msichana mdogo tu. Sikuwa nimeiba, wala sikuwa nimempiga mtu. Nilipelekwa pale kwa sababu baba yangu alitaka nisome shule moja na mdogo wangu.

Ngoja kwanza nikueleze tulikuwa kina nani, maana ninyi wa siku hizi mnanijua kama Bibi Wakesho wa Sagalla na basi.

Baba yangu alikuwa Kalasinga kutoka India, seremala wa reli. Alikuwa na kilemba na ndevu ndefu, na mikono yake ilinuka vumbi la mbao hata siku za mapumziko. Mama yangu, Saru, alikuwa Msagalla. Alikuwa akishuka mlimani na ndizi na mboga kuuza kwenye nyumba za reli, na huko ndiko walikojuana. Ndugu zake baba waliposikia amekaa na mwanamke Mwafrika walimkata kabisa, hawakumwandikia tena. Yeye hakujali, au alijifanya hajali. Walizaa wasichana wawili, mimi kisha Rani.

Mimi nilimfuata mama. Unaniona nilivyo, nyeusi, na nywele zangu hizi ngumu. Rani alimfuata baba, mweupe, na nywele zilizoshuka mpaka mgongoni. Nyumbani hatukuona ajabu yoyote. Tulilala kitanda kimoja na tulipigana kwa sababu ya blanketi moja.

Kitu cha ajabu ni hiki. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa baba. Nilishinda karakana kwake, nikimshikia mbao anapopiga randa, na kwa hiyo lugha yake niliijua sawasawa, pamoja na sala zake. Rani hakutoka kwenye kanga ya mama. Lugha aliyoijua ni ya mlimani.

Siku hizo, mwanangu, shule zilikuwa za rangi. Wazungu walikuwa na zao, Wahindi zao, na sisi Waafrika zetu. Hata vitabu havikuwa sawa, wala madawati, wala mshahara wa mwalimu. Tulipofika umri wa kusoma, baba alitupigia pasi nguo sisi wote wawili, akatupeleka shule ya Wahindi iliyokuwa karibu na stesheni. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia baba kwamba yeye angetupokea, ila siku hiyo afisa wa elimu alikuwa amekuja kukagua na lazima atuone.

Yule afisa, Mzungu, alitutazama kama unavyotazama maembe sokoni. Akamwelekezea Rani kidole, akasema huyu anaingia. Mimi akasema niende shule ya misheni, kwa Waafrika. Baba akamweleza kuwa hawa ni ndugu, baba mmoja na mama mmoja. Afisa akajibu kwamba kama hakuridhika, mahakama ipo.

Alidhani baba ataogopa. Baba akaenda mahakamani.

Basi hakimu akaja na gari la moshi kutoka Mombasa, kama alivyokuwa akija kusikiliza kesi, na kesi yetu ikaitwa. Chumba kilijaa watu wa reli, wenye maduka, na wajomba zangu kutoka mlimani. Hakimu alikuwa mzee mwenye sauti ya upole. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba hakunikaripia hata mara moja. Aliniambia nigeuke kwa upole. Alimwambia mkalimani ainue mkono wangu na auweke karibu na mkono wa Rani, kwa upole vilevile. Nilisikia watu nyuma yangu wakiguna.

Kisha mkalimani akaniuliza kama najua lugha ya baba yangu. Nilianza kusema hata kabla hajamaliza. Nilisema jina langu, na jina la baba, na kijiji alichozaliwa huko kwao, kisha nikasoma sala ya asubuhi yote bila kukosea. Nilipotazama upande wa baba, alikuwa ameinamisha kichwa na machozi yanaingia ndevuni. Nikajua nimeshinda. Mtoto hufikiri hivyo, kwamba akijibu vizuri atapewa.

Rani alipoulizwa swali lilelile alianza kulia. Akasema kwa lugha ya mama kwamba anataka kwenda nyumbani. Ndilo neno pekee alilolisema pale.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Halafu akasoma, na mkalimani akatufasiria. Sheria imeweka shule kwa kila kabila la watu, na mahakama haina uwezo wa kuibadilisha. Mtoto mdogo anaonekana kuwa Mhindi, ataingia shule ya Wahindi. Mtoto mkubwa anaonekana kuwa Mwafrika, atapelekwa shule ya Waafrika. Hivyo tu.

Mama alisimama bila kuitwa. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, lakini siku ile alisema. "Mwambie bwana mkubwa hawa nimewazaa mimi. Hawakutoka matumbo mawili."

Mkalimani akafasiri. Hakimu akavua miwani, akajibu kwamba jambo hilo hakuna aliyelipinga. Akaita kesi nyingine.

Mwanangu, mimi nimeona mengi. Nimeona njaa, nimezika mume. Lakini sijawahi kushikwa na butwaa kama siku ile. Angesema sisi si ndugu, ningejua amekosea, ningemwona mjinga. Yeye alikubali kabisa kwamba ni ndugu, kisha akatutenganisha, na hakuona kitu cha kushangaza. Tulipotoka nje baba alinibeba begani mpaka nyumbani, ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa.

Nikapelekwa Sagalla kwa bibi yangu, mzaa mama, nikasome shule ya misheni kule juu. Tulikaa wengi kwenye benchi moja na kitabu kilipita mkono kwa mkono. Mwalimu wetu alijua kazi yake, simlaumu. Mwisho wa juma nilishuka Voi kuwaona wazazi, na Rani alinionyesha madaftari yake yenye karatasi laini, nami nikamfundisha maneno ya baba yaliyomshinda darasani. Tukalala kitanda chetu kimoja kama zamani. Nilidhani mahakama imetugawa mchana tu.

Ikafika Jumamosi moja watoto wa shule ya Rani walipopelekwa matembezi Mombasa kwa gari la moshi. Mama alipika kimanga, kile cha muhogo na maharage unachokijua, kwa sababu Rani alikipenda kuliko chakula chochote, akakifunga kwa jani la mgomba. Rani aliondoka asubuhi akakisahau mezani. Mama akanituma nimkimbilie stesheni.

Niliwakuta wamepanga mstari, wamevaa sare nyeupe. Nikamwita, "Rani!" nikamnyooshea kile kifurushi, kingali moto. Wenzake wakageuka. Walinitazama miguu yangu isiyo na viatu, halafu lile jani la mgomba. Mwalimu wao, mama mmoja aliyevaa sari, akamuuliza Rani mimi ni nani.

Rani akajibu kwa Kihindi, "Huyu ni yaya wetu."

Alikuwa amejifunza kukisema vizuri sasa, bila kukosea hata neno. Na mimi nilikielewa, maana baadhi ya maneno hayo ni mimi niliyemfundisha.

Nilimkabidhi chakula chake, nikampisha, nikaondoka. Sikurudi hata kwa mama kumwambia nimefikisha. Nilipanda mlima moja kwa moja, jua kali, bila maji, na nilipofika kwa bibi nilimwambia kwamba kuanzia leo mimi sina mdogo. Nikamsimulia yote. Nikamwambia kwamba sitashuka tena Voi, na Rani akifika huku juu sitamwitikia.

Bibi alikuwa akipukuchua mahindi. Hakuacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maji, ndipo akaniuliza, "Yule hakimu ukikutana naye njiani kesho, utamsalimia?"

Nikasema ndiyo. Shuleni tulifundishwa kumsalimia kila Mzungu.

"Na yule afisa aliyewaonyesha kidole?"

Nikasema naye pia.

"Na huyo mwalimu aliyevaa sari?"

Nikaokota punje zilizoanguka, lakini alijua jibu.

"Kwa hiyo wote waliowatenga utawasalimia," bibi akasema. "Usiyemsalimia ni mtoto wa mama yako peke yake."

Nilikasirika, nikaona ananionea, maana mimi ndiye niliyetukanwa. Hakunibembeleza. Aliweka mahindi kando, na kesho yake asubuhi akachukua fimbo yake, akasema tunashuka. Alikuwa mzee sana, na ile njia ya mawe unaijua. Tulishuka polepole, yeye akipumzika na mimi nikimsubiri nimenuna.

Tulimkuta Rani amesharudi, amejificha nyuma ya mlango wa chumba chetu. Alipotuona alikaa chini sakafuni. Bibi hakumkaripia pia. Alimuuliza tu kile chakula alikipeleka wapi.

Rani akasema kwamba alijifungia chooni kwenye gari la moshi, akakila chote peke yake huku analia, akaramba hata jani. Kisha yakamtoka mengine. Alisema tangu siku ya kwanza wenzake walimuuliza mama yake ni nani, naye alisema mama amekufa. Kila alipomwona mama sokoni alipita njia nyingine. Alisema anaogopa kwamba wakijua atafukuzwa, arudishwe kwa yule hakimu ageuzwegeuzwe tena mbele za watu. Alikuwa akiota ndoto hiyo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kwamba mtoto wake amemuua kwa maneno ili aruhusiwe kusoma hesabu. Nilimwona akishika ukuta. Baba alipoambiwa jioni, alitoka nje, akakaa kwenye rundo la mbao, na hakula. Sisi sote tulikuwa kama watu waliopigwa na radi, kila mmoja pembeni yake.

Sitakudanganya kwamba nilimsamehe palepale. Nililala nimempa mgongo. Lakini Jumatatu asubuhi, nilipokuwa najiandaa kurudi mlimani, Rani alikuja amevaa sare yake, akasema, "Dada, nisindikize."

Nilimuuliza mpaka wapi. Akasema mpaka ndani.

Tulipita mjini mimi na yeye, tukapita stesheni, tukaingia lango la ile shule watoto wakiwa wamepanga mstari. Alikuwa amenishika mkono, na hakuuachia. Akasimama mbele ya yule mwalimu wa sari, akamwambia kwa Kihindi, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba huyu ni dada yake, na mama yao ni Saru, anauza ndizi, na yuko hai.

Yule mwalimu alijifunika mdomo kwa ncha ya sari. Mstari wote ukageuka kututazama. Nami nilikuwa nimeduwaa kuliko wao wote.

Haikupita muda, wazazi wa wenzake walilalamika, na Rani akaambiwa asirudi. Baba alitaka kwenda tena mahakamani. Rani alikataa. Alipanda Sagalla, akaanza upya darasa la chini, na watoto wetu sisi Waafrika, usidhani walikuwa malaika, walimvuta nywele na kumwita Mhindi wa mizigo, kama kitu kilichoshushwa na gari la moshi. Nilipigana na wawili. Bibi alinichapa kwa kupigana, halafu akanipa kipande kikubwa cha nyama. Mwaka uliofuata Rani alinipita kwa hesabu, na mpaka anakufa alikuwa ananikumbusha.

Sasa nikwambie kwa nini nimekuita ukae hapa. Nimesikia kwamba wewe uko ile akademi ya karo kubwa mjini, na binamu yako yuko shule ya msingi ya hapa kijijini Marungu, na mlipokutana sokoni ukajifanya unatazama simu. Hakuna hakimu aliyekuamuru. Sheria ile ilifutwa zamani, watu wakateseka hadi ikafutwa. Leo kinachowagawa ni karo na sare na Kiingereza, na kesho kitakuwa kingine, maana watu hawaishiwi na sababu za kuwaweka watoto kwenye mistari miwili.

Nasaha yangu ni hii. Utapangwa, mwanangu. Utapangwa shule, kazi, mtaa, na pengine hutakuwa na uwezo wa kukataa. Soma hapo ulipowekwa, soma kwa bidii, usione haya kufanikiwa. Lakini ndugu yako akikuita mbele ya watu unaotaka wakuheshimu, itika. Itika kwa jina lake, na useme ni nani kwako. Ukishindwa mara ya kwanza, kama Rani alivyoshindwa, rudi ukaseme tena mahali palepale ulipomkana, wakiwa wapo wale waliosikia. Na kama wewe ndiye uliyekanwa, usifunge mlango. Uliza kwanza nani alimfundisha kuogopa.

Nenda ukamtafute binamu yako leo, kabla jua halijazama. Mungu akutie nguvu mdomoni na mkononi. Akujalie kujua wengi na usiwasahau wako, akulinde wewe na wote wanaokuita ndugu, na siku nitakapolala mimi, mje kunizika mkiwa mmeshikana. Amina.