Shujaa Amefika, Kichwa Bado

Msusi wa mtaa ule aliitwa Mama Safari, na kichekesho ni kwamba hakuwahi kusafiri. Mbali kabisa alikowahi kufika ni kituo cha mabasi, tena kwa kusindikiza watu. Safari zake zote alizifanya akiwa amesimama nyuma ya kigoda, kichana chenye mkia mkononi, akimpeleka shujaa huyu au yule kwenye misitu na mapango huku kichwa cha mteja kikizidi kupendeza.

Kazi aliirithi kwa shangazi yake, na pamoja na kazi akarithi utaratibu. Hadithi inaanzia kwenye paji la uso, na msuko wa kwanza. Hapo shujaa anaaga kwao. Utosini, penye nywele nzito na maumivu, ndipo anapokutana na majitu, njaa na marafiki wa uongo. Akishuka kisogoni anageuza njia, na msuko wa mwisho ukifungwa anafika mlangoni kwao, anapiga hodi, basi. Shangazi hakuruhusu mteja atoke na kichwa nusu wala hadithi nusu, na Mama Safari aliishika amri hiyo kama kiapo. Hata wale wanaosukwa huku wakilia, kwake walitulia, maana ni vigumu kulia vizuri huku unataka kujua jitu limetokea wapi.

Msikilizaji wake mkubwa hata hakuwa mteja. Fundi viatu alikuwa na meza yake nje ya mlango wa saluni, na alijitia kushona soli huku masikio yote mawili yakiwa ndani. Hakuna hadithi aliyoiacha ipite salama.

"Dada, huyo shujaa wako hana hata panga," alikuwa akisema. "Shujaa gani anaomba njia?"

"Shona viatu, kaka yangu. Shujaa ni yule anayeogopa kutoka kwao na bado anatoka. Panga hata wewe unalo."

"Asiyeangusha jitu mimi simhesabu."

Walibishana hivyo miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyemshinda mwenzake, na wote wawili wakifurahia.

Siku yenyewe, asubuhi, aliingia msichana mwenye begi kubwa na kofia iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Mama Safari alimtambua kabla hajaivua. Nani asingemtambua Kipa? Mwaka uliopita mtaa mzima ulimsindikiza kituoni kwa vigelegele, anakwenda kudaka kwenye timu kubwa ya wanawake, naye akasimama kwenye ngazi ya basi akatangaza mbele ya kila mtu kwamba hatarudi bila kombe. Mama yake, mshona mashuka ambaye nyumba yake inatazamana na saluni, alitembea kifua mbele mpaka watu wakaanza kumtania.

"Shikamoo, Mama Safari."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi."

"Sijarudi, napita tu." Kipa aliketi kwenye kigoda bila kutazama mlangoni. "Timu imeniacha. Nilitaka kwenda nyumbani, nimefika hapo barabarani miguu ikagoma. Nisuke nipate kichwa cha maana, niondoke na basi la jioni. Nitatafuta kazi hukohuko mbele. Mama yangu usimwambie."

Ng'ambo ya barabara cherehani ya mama yake ilikuwa ikinguruma. Kichwa kile Mama Safari alikisuka tangu kikiwa cha mtoto wa kubebwa, na mwenye cherehani ile alikuwa akivuka barabara kila asubuhi kuuliza kama kuna aliyesikia habari za mwanawe. Angeweza kumwita sasa hivi. Lakini msichana huyu alikuwa kipa, na akiamua kuruka dirishani, nani wa kumshika? Basi akafanya alichokijua. Akachukua kichana, akagawa nywele pajini, akamtoa shujaa kwao.

Alikuwa kijana aliyeapa kuleta pembe ya jitu. Ili asishukiwe, Mama Safari akampa hadi ndevu. Lakini moyo wake ulikuwa na haraka ya kumfikisha msichana nyumbani, na haraka hiyo ikamponyoka ikaingia kwenye hadithi. Mto uliokuwa wa kuvukwa kwa shida, kijana akauvuka kwa sentensi moja. Marafiki wa uongo hata hawakupata nafasi ya kudanganya. Fundi viatu alikunja uso kule nje, kwa kuwa alizoea kupewa mapigano yake yote.

"Akafika kwao," Mama Safari akasema, "akasimama mlangoni," na akanyoosha mkono kuchukua uzi wa kufungia msuko wa mwisho.

Msuko wa mwisho haukuwepo. Misuko ilikuwa imeishia utosini, na huko nyuma nywele zimesimama tu zinangoja.

Fundi viatu akasema taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba, "Dada, shujaa amefika, kichwa bado."

Mama Safari hakuwahi kukosea hivyo maishani. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Mashujaa wake wote hupiga hodi na hapo ndipo anapowaacha. Kilichoko nyuma ya mlango hakukijua.

"Akapiga hodi?" Kipa akauliza.

"Bado."

"Kwa nini?"

Mikono ilikuwa imeshaendelea na kazi, ikabidi mdomo uifuate. "Kwa sababu aliahidi pembe," Mama Safari akasema, "na mkononi hana kitu. Jitu lilimshinda."

"Lilimshinda?" Fundi viatu aliingiza kichwa ndani. "Sasa huyo shujaa au mpita njia?"

"Ngoja. Akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa chini, anamsikiliza mama yake akifanya kazi ndani. Msitu mzima aliupita kwa kujikaza kisabuni, lakini mlango wa mbao wa mama yake unamtoa jasho. Akawaza, heri nirudi kwa jitu."

Msuko ule ulipoisha, Kipa akainua kichwa. "Mama Safari, unanisema mimi."

"Kwani wewe una ndevu?"

Fundi viatu alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Kipa naye akacheka, kisha kicheko kikageuka katikati, mabega yakaanza kutikisika. Mama Safari alimwacha alie. Aliendelea kusuka, polepole sasa, kila msuko na haki yake.

"Angerudi tu alikotoka," Kipa akasema alipopata sauti. "Hakuna aliyemwona."

Aliyejibu ni fundi viatu. "Hapana, binti. Hapo nimemfuta. Kupigwa na jitu sawa, jitu ni jitu. Lakini amkimbie mama?"

Mama Safari alimtazama kwa mshangao. Miaka yote ya mapanga, leo ndiyo wamekubaliana. Akashuka mpaka kisogoni, likabaki fungu moja tu la nywele, limesimama kama ufagio. Hapo akaweka kichana chini.

"Umemaliza?" Kipa akauliza, akajipapasa. "Mbona hapa bado?"

"Mama yake alisema nini alipofungua mlango, mimi sijui. Nenda kasikilize, uje uniambie, ndipo nikumalizie."

"Unanitoa na kichwa nusu? Wewe?"

"Leo ndiyo."

Kipa aliitafuta kofia yake. Fundi viatu alikuwa ameikalia, na alipoulizwa akaapa hajaona kofia yoyote. Msichana akasimama mlangoni, akatazama upande wa kituo, akatazama ng'ambo. Begi akaliacha. Alivuka barabara akiwa ameziba kisogo kwa kiganja.

Walimwona akigonga. Cherehani ikanyamaza. Mlango ukafunguka, akaingia, na pazia likaanguka nyuma yake. Mama Safari akakiokota tena kichana, na baadaye akagundua kwamba amekishika upande wa meno mpaka kinamuumiza.

Kisha mama mtu akatoka, tepe ya kupimia shingoni, ndala moja ya buluu na nyingine nyekundu, amemshika mwanawe kifundo cha mkono. Macho yalikuwa mabichi lakini sauti ilikuwa ya vita.

"Wewe Mama Safari. Nani kakufundisha kumpeleka mwanangu barabarani na kichwa hivi?"

Hakungoja jibu. Alimkalisha Kipa kwenye kigoda, akanyakua kichana, akaanza kulisuka lile fungu yeye mwenyewe.

Fundi viatu hakuweza kujizuia. "Na lile kombe?"

"Kombe gani?" mama akasema bila kuinua uso. "Inamisha kichwa, mwanangu."

Msuko ulitoka umepinda. Mama Safari hakuwahi kuona msuko uliopinda akaunyamazia, lakini ule aliunyamazia.