Jina Chini ya Blada

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu na tyubu kuukuu, nikaambiwa nikate mikanda. Ya nini, hakuna aliyesema. Nilikuwa msichana mgeni kutoka Kakamega, nimefikia kwa shangazi yangu mtaa wa Kaloleni, na kazi niliyoahidiwa katika karakana ile ya baiskeli pale Shauri Moyo ilikuwa kufagia na kuosha goroli kwa mafuta ya taa. Basi nikakata. Mikanda hiyo ya mpira huku Eastlands tunaiita blada, na kila mtu huitumia kufungia mizigo. Mimi nilidhani ni ya mizigo.

Asubuhi ileile baiskeli mpya ikatolewa kwenye sanduku. Fundi Mkuu akachukua blada moja, akaizungusha kwenye bomba la fremu palipoandikwa jina la baiskeli, akaifunga fundo. Nikauliza kama bomba limepasuka. Mafundi walicheka mpaka mmoja akaketi sakafuni.

"Atiriri, sikiliza, msichana," Fundi Mkuu akaniambia. Alikuwa mtu wa Murang'a, mwenye sauti ya kuhubiri hata akiomba chumvi. "Nikishasoma jina, macho yangu yanaanza kunidanganya. Na jina halikanyagi pedali."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Kila baiskeli mpya ilikaguliwa ikiwa imefungwa jina, na blada ilifunguliwa baada ya hukumu kutolewa. Nyinyi vijana mnaonunua kitu kwa sababu mmeona chapa yake kwenye fulana ya mchezaji, hebu nisikilizeni vizuri hapa.

Kwanza tuliangalia fremu. Fundi Mkuu alifunga uzi kwenye pembe ya nyuma, panapokaa ekseli, akaupitisha mbele ya shingo ya usukani na kuurudisha pembe ya pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la tandiko ilitakiwa ilingane kulia na kushoto. Ikizidi upande mmoja, fremu imepinda, na mwendeshaji atakuwa anapigana nayo maisha yake yote. Halafu aligonga kila bomba kwa spana na kutega sikio. Kisha alikagua maungio kwa ukucha, kuona kama shaba ya kulehemu imeingia pande zote au imepakwa juujuu tu. Baiskeli ya rangi tamu na maungio matupu aliita andazi: limevimba, ndani hewa.

Mwisho aliuliza swali ambalo bado naliona la maana kuliko yote: "Ina ndugu?" Maana yake, je, vipuri vya baiskeli za kawaida hapa mjini vinaiingia? Alifungua friwili, yaani ile gia ya nyuma, akajaribu kuifunga nyingine kutoka rafuni. Ikikubali, baiskeli ina ndugu. Ikikataa, hata iwe nzuri namna gani, siku ikiugua itafia mikononi mwako.

Mimi mikono yangu ilipenda spoki. Nilianza kwa kuzifuta vumbi, nikaishia kuwa ndiye ninayesuka magurudumu yote ya karakana. Kusuka ni kupanga spoki kutoka kwenye kitovu hadi kwenye rimu, kisha kuzikaza kidogo kidogo mpaka gurudumu lizunguke bila kuyumba. Wateja wengine waliposikia ni mwanamke walinuna. Fundi Mkuu aliwaambia wachukue gurudumu wakanunie nyumbani.

Sasa, wakati huo miaka ya sabini ikielekea ukingoni, duka la kampuni yetu, lililokuwa mbele ya karakana, lilipokea baiskeli moja ya mashindano, nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Iliandikwa Sorvela. Hakuna aliyewahi kuisikia. Watu wa mtaani wakaijaribu hiyo Sorvela mdomoni, ikawashinda, wakaiita Sufuria. Ilining'inia ukutani miezi mingi bila kukaguliwa, kwa kuwa hakuna mteja aliyeitaka. Bei yake ilikuwa ndogo mno kando ya zile zenye sifa, na hiyo bei ndiyo iliyowatia watu wasiwasi.

Aliyeiulizia ni Wanjala. Huyu alikuwa kijana wa kwetu magharibi, anaishi Mukuru kwa Reuben, na kila alfajiri alisimama kwenye lango la kiwanda kimoja Industrial Area kusubiri kibarua. Siku wakimchagua, watoto wanakula. Wasipomchagua, anarudi nyumbani kwa miguu akitafuta la kumwambia mkewe. Kiwanda hicho kilikuwa na timu ya baiskeli, na aliyeingia kwenye timu aliandikwa kazi ya kudumu. Miguu Wanjala alikuwa nayo. Baiskeli hakuwa nayo, na alichoweka akiba kingetosha kununua moja tu, tena ya bei ile.

"Dada," aliniambia, "nikinunua andazi, nimekwisha. Sitapata nafasi nyingine."

Fundi Mkuu akaishusha Sufuria ukutani mwenyewe. Akaifunga jina. Karakana nzima tuliacha kazi tukamzunguka. Uzi ukalingana pande zote mbili. Spana ikagonga, bomba likajibu kwa sauti safi mpaka Fundi Mkuu akaguna. Shaba ilikuwa imejaa kila ungio. Friwili ya rafuni ikaingia bila ugomvi.

"Ina ndugu," akasema. Halafu akazungusha gurudumu la mbele, likacheza kama mlevi. Rimu zilikuwa laini, spoki za chuma hafifu. "Haya, sasa nimejua bei imeshukia wapi. Mwili ni wa askari, miguu ni ya mgonjwa. Wanjala, nunua. Roselida, msukie miguu mingine."

Nikatafuta rimu mbili imara kwenye baiskeli iliyogongwa na lori, nikanyoosha, nikasuka. Sijawahi kusuka gurudumu kwa roho vile. Kila spoki niliyokaza nilikuwa nikiwaona watoto wa mtu.

Wanjala alipokuja kuichukua, nilitaka kuifungua ile blada. Akanizuia. "Iache, dada. Msimamizi wa michezo ametangaza hataki baiskeli asizozijua. Mwaka uliopita moja ilivunjikia barabarani, akaaibika mbele ya wakubwa wake. Akisoma jina la hii, hata sitaanza."

Nikamwangalia Fundi Mkuu. Akajifanya anatafuta spana.

Siku ya majaribio ya kuchagua timu nilikwenda kwenye lango la kiwanda. Vibarua wenzake Wanjala walikuwa wamekwisha kuijua baiskeli yake: "Niaje Wanjala! Umebeba sufuria, ugali uko wapi?" Lakini wale waendeshaji wenye baiskeli za majina walikuwa hawaijui. Waliiona blada, wakaanza kunong'onezana. Na hapa ndipo penye Eastlands yenyewe. Mtu wa Eastlands akiona kitu kimefungwa, hawazi kwamba ni kibaya. Anajua kizuri ndicho hufichwa, kisije kikaibwa. Mmoja akasema hiyo lazima ni ya Ulaya, ya wale mabingwa. Mwingine akasema amewahi kuiona, na jina lake haliruhusiwi kutajwa. Uongo mtupu! Msimamizi wa michezo akaja, mtu wa kofia na filimbi, akainama akaigonga fremu kwa kidole, akasikia ile sauti. Hakuuliza jina. Nadhani aliona haya kuonekana haijui.

Filimbi ikapulizwa, wakateremka Mombasa Road kuelekea Athi River. Mimi nikabaki nikiomba, na niliyoyaombea ni magurudumu yangu.

Waliporudi, walikuwa kundi moja mpaka karibu na lango. Kisha Wanjala akainuka kwenye tandiko. Mungu wangu! Sufuria haikuyumba hata kidogo. Aliwaacha wote, akapita mbele yetu mdomo wazi, na vibarua wakapiga mayowe: "Sufuria! Sufuria!" Nililia mbele za watu bila haya.

Msimamizi akaishika baiskeli, akafungua fundo kwa mikono yake. Akasoma. Wanjala alikuwa ameshika tandiko kama mtu anayengoja kofi.

"Sorvela," msimamizi akasema polepole. Akatazama umati, akatazama barabara alikotoka yule kijana. Halafu akaangua kicheko. "Kumbe sufuria ndiyo huivisha! Kesho njoo ofisini uandikwe."

Wanjala akaichukua blada yake, akaifunga tena palepale.

Miaka ikapita. Fundi Mkuu alistaafu akarudi Murang'a kwenye kahawa yake, nami nikapelekwa tawi la Makadara, na huko nikaitwa Fundi Mkuu mimi mwenyewe. Nikawa na kisu changu na tyubu zangu. Meneja wetu wa Makadara, mpenda kuvaa tai, aliniuliza kwa nini nafunika jina ambalo kampuni imelilipia matangazo. Nilimwambia litafunuliwa likishahukumiwa.

Nilipochoka nikahamia kwa binti yangu mtaa wa Kware, na huko bado nikawa natengeneza kidogo kidogo mlangoni, mpaka magoti yakakataa. Siku niliyoamua kufunga kazi, nani akaja? Wanjala, mvi kichwani, amestaafu kutoka kiwanda kilekile, akiisukuma Sufuria. Watoto wake wote walisoma kwa mshahara wa pale. Rangi ya fremu ilikuwa imebanduka, chuma kitupu, kila sehemu imeparuzwa. Blada bado ilikuwa imefungwa, imekauka na kupasuka.

"Mama, hebu nibadilishie hii," akasema. "Nasikia unafunga kazi. Hii ndiyo iwe ya mwisho."

Nikaikata. Chini yake rangi ilikuwa mbichi kabisa, na herufi za dhahabu ziling'aa kama siku ilipotoka kwenye sanduku. Kwenye baiskeli nzima, mahali papya palikuwa hapo tu. Tuliinama pamoja tukalisoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi, na kwa mara ya kwanza sote wawili tukalitamka sawasawa.

Kisha nikakata blada mpya, nikalifunga tena, nikakaza fundo.