Uso wa Kaka na Uso Wangu

Mpaka leo, mtu akiniambia nimenawiri, humwangalia vizuri usoni kabla ya kumshukuru. Nataka kujua anamaanisha nini.

Mama yetu alikohoa muda mrefu sana pale Kasongo, zamani za Wabelgiji, na mimi na kaka yangu ndio tuliomuuguza mpaka tukamzika. Kiangazi kilichofuata kaka aliumwa kichwa, nami nikafuata. Shingo zilikakamaa, tukawa hatuwezi kutazama mwanga wa mlangoni. Hospitalini walimlaza yeye chumba cha wanaume na mimi chumba cha wanawake, ua ukiwa katikati. Daktari, Mzungu mmoja mrefu, alisema ni kifua kikuu kilichopanda kichwani, kwenye ngozi nyembamba inayofunika ubongo. Tulichomwa sindano mpaka kukaa kukawa taabu. Juu ya sindano tulipewa vidonge vipya vilivyotoka Ulaya, vilivyoitwa kortizoni, vya kutuliza uvimbe wa ndani ya kichwa. Vyake na vyangu vilitoka kwenye chupa moja. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye hakuna aliyetaka kulisikia.

Kaka alizinduka kwanza na kuomba ugali. Mimi nilichelewa, na nilipozinduka sikio langu la kushoto lilikuwa halisikii kitu. Nililia kwa hasira. Tumenyonya ziwa moja, tumeugua ugonjwa mmoja, tumemeza dawa moja. Kwa nini yeye apone mzima na mimi nusu? Nilianza kumshuku muuguzi kwamba anaanzia kwa wanaume na kutuletea sisi makombo. Nilimuuliza sista aliyetuhudumia, mtawa mzee aliyejua Kiswahili cha kutosha kugombana na wagonjwa.

"Dawa ni moja," alisema. "Lakini mwili ya mwanaume na ya mwanamuke haiko moja. Hata dokta hajue yote."

Sikumwamini. Nilidhani ananificha jambo.

Tuliporuhusiwa kutoka, tuliambiwa tuendelee na vidonge kwa muda mrefu. Daktari alimweleza kaka, kwa kinywa cha muuguzi, kwamba nyuso zetu zitavimba, na akamwagiza anieleze na mimi. Kaka akaja kuniambia nitanenepa kidogo. Basi. Hakuna aliyenieleza zaidi, na mambo mengine mwanamke wa nyumba ya Kiislamu hamuulizi Mzungu mbele ya muuguzi ambaye ni jirani yake.

Nilirudi kwa mama mkwe. Mume wangu alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kabambare. Aliondoka kabla sijaugua, na wenye machimbo hawakumruhusu kurudi kabla mkataba haujaisha. Mama mkwe alikuwa amenipikia sombe, mboga ya majani ya muhogo, muda wote niliolala hospitalini, akaileta mwenyewe kwa miguu. Sitasema hakuwa mwema. Alikuwa mwema mpaka uso wangu ulipoanza kuwa wa mviringo.

Uso wa kaka nao ulijaa, mashavu yakapanda mpaka macho yakawa madogo. Alipopita sokoni watu walimshika mkono kwa furaha. "Umepona kabisa! Umekuwa bwana mukubwa!" Alitembea kama chifu, tumbo mbele, na wala hakuwa na kitu mfukoni. Mimi nami nilijaa uso, nikaota tumbo, kisha juu ya mdomo yakatokea manyoya ambayo niliyang'oa kwa majivu nikiwa nimejifungia ndani. Nilipotoka, wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha kuongea. Mtu mwenye sikio moja hujifunza kusoma midomo, na hakuna midomo inayosomeka kirahisi kama ile inayofungwa ghafla.

Lakini kilichoniponza hasa ni sala. Kwetu, mwanamke akiwa katika siku zake hasali, na katika nyumba yenye ua mmoja na mkeka mmoja wa kusalia, kila mwanamke anajua ya mwenzake bila kuuliza. Ile dawa ilikuwa imefunga siku zangu. Mimi nilisali tu, siku baada ya siku, nikimshukuru Mungu kwa kuniponya. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu akinitazama.

Asubuhi moja aliuvuta mkeka kabla sijaukanyaga.

"Tangu utoke kwa hospitali haujaacha kusali hata siku moja," alisema. "Tumbo hii ni ya nani?"

"Ni dawa, mama. Angalia kaka yangu, naye anameza ile ile."

"Kaka yako ni mwanaume. Mwanaume akinona, ni chakula. Mwanamuke akinona, ni mutu."

Aliita mkunga. Mkunga alinibonyeza tumbo, akakohoa, akasema kuna kitu na hakuna kitu. Laiti angenyamaza. Nilimkimbilia sista, na safari hii aliongea wazi: dawa hii inaweza kufunga damu ya mwanamke, na ikiisha damu itarudi. Nilimleta mpaka nyumbani ayaseme mwenyewe. Mama mkwe alimpa kiti na kumsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Sista alipoondoka, mama mkwe alicheka. "Ule hana bwana, hajazaa. Anajua nini?"

Nilijipa moyo kwamba muda utanitetea. Mimba haijifichi. Tumbo likikaa bila kuzaa, wataona haya, watanyamaza, na mume wangu akirudi nitamwonyesha sina cha kuficha. Hicho tu ndicho nilichokitaka, mume wangu aniamini. Sikio lililopotea nilikuwa nimekwisha kuliachia hospitali.

Daktari alitupunguzia vidonge kidogo kidogo, kisha akavikomesha. Mashavu ya kaka yakashuka, watu wakampa pole na kumwuliza kama anakula vizuri. Tumbo langu nalo likashuka. Halafu siku zangu zikarudi, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu hospitalini, sikwenda kwenye mkeka. Nilikaa kizingitini nikiwa na furaha kama niliyeshinda kesi. Nilimtazama mama mkwe nikingoja aseme samahani.

Hakunitazama hata kidogo. Alimgeukia dada yake aliyekuwa amekuja kumtembelea, akamnong'oneza, nami niliisoma midomo yake yote.

"Ameitoa."

Mume wangu aliporudi, mama yake alikwenda kumlaki njiani. Walipofika uani alikuwa ameshaambiwa kila kitu; nililiona hilo kwa jinsi alivyoweka mzigo chini bila kuniita. Kaka alikuja kunitetea. Alishika mashavu yake mwenyewe, akaapa kwamba na yeye alivimba vile vile kwa dawa ile ile. Mume wangu alimsikiliza akitabasamu.

"Shemeji, wewe walisema ulinona muzuri sana," alisema. "Pole kwa kukonda."

Wakacheka wote wawili. Kaka naye akacheka! Kisha akaaga, akaenda zake.

Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, nikichambua mchele. Mume wangu alikuja kukaa karibu nami, upande wa kushoto. Akakumbuka aliyoambiwa kuhusu sikio langu. Akanyanyuka, akazunguka kwa upole, akakaa upande wa sikio langu zima ili nimsikie vizuri.

"Tuache maneno," alisema. "Nimekusamehe."

Heri angebaki kushoto.