Profesa hatoki, Shangazi habanduki

Saa mbili na robo asubuhi, Shangazi ameshapiga kambi. Benchi lipo mbele ya mlango wa profesa, chupa ya chai iko sakafuni, na mikononi ana kitambaa cha meza anachokifuma. Mlango umefungwa kwa ndani. Mtu anakohoa humo, kisha anajikumbuka na kunyamaza.

"Yumo," anasema bila kuinua macho. "Jana katoka kwa dirisha. Ghorofa ya chini ina hasara zake."

Shangazi, kama chuo kizima kinavyomwita, ni tarishi wa jarida la kitaaluma. Kwa miaka ishirini na mbili alibeba vifurushi vya jarida hilo na kuwafikishia wasomi ofisini. Kisha likahamia mtandaoni. Sasa msomi aliye bara jingine analisoma bure siku ileile linapotoka, jambo ambalo Shangazi mwenyewe analisifu.

"Zamani toleo la Januari liliwafikia watu Agosti. Na mara nyingine panya walishatangulia kulisoma."

Shida ni kwamba makala haichapishwi mpaka msomi mwingine aihakiki, na wahakiki hawajibu. Kompyuta huwatumia vikumbusho yenyewe. Profesa huyu ametumiwa arobaini na moja.

Mhariri mkuu anaiamini kompyuta. Alimpa Shangazi sharti moja: alete hakiki kumi zilizokwama kufikia leo jioni, la sivyo kazi ya utarishi inafutwa. Ameleta tisa. Nyumbani ana mama mgonjwa na wajukuu wawili wanaomtegemea.

"Naogopa, mwanangu," anamwambia mwandishi wa makala hii. "Unaniona nacheka, lakini usingizi umenipaa. Umri huu nani atanipa kazi?"

Silaha yake ni subira. Kikumbusho kinafutika, Shangazi hafutiki. Ukaidi wa wasomi anaupima kwa uzi: mtaalamu wa falsafa alimgharimu kitambaa cha kochi, wa historia shuka zima.

Saa tano mlango unafunguka kidogo. Njaa haina profesa.

"Shangazi, bado upo?"

"Nipo, mwanangu. Na makala ya watu ipo."

"Mbona hakiki nimeshaandika! Mwezi wa pili huu."

"Sasa iko wapi?"

Profesa anatazama huku na huku, kisha ananong'ona: "Humo kwenye kompyuta. Sijui inatumwaje. Nikiwauliza wanafunzi wangu, nitaiweka wapi sura yangu?"

Shangazi anaweka uzi chini. Anaingia, anavuta kiti na kumwonyesha pa kubonyeza, kama alivyowaonyesha wanne kati ya wale tisa. Profesa anabonyeza kwa kidole kimoja, macho kayafumba. Kioo kinaandika kwamba hakiki imepokelewa. Shangazi anasoma mara mbili, kisha anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, wala hajifichi.

Saa tisa alasiri mhariri mkuu anampa barua: anabaki kazini.

Sasa ana mpango. Kila Jumamosi anataka kuendesha darasa la kompyuta kwa ajili ya watu waliosoma sana, mapazia yakiwa yamefungwa na wanafunzi wa chuo wakipigwa marufuku kusogea. Sita wameshajiandikisha kimyakimya.

"Wa kwanza kabisa ni mhariri mkuu," anasema, kisha anajiziba mdomo. "Lakini hilo usiliandike, mwanangu. Nimemwahidi."