Nilijenga lori la jeshi kwa vitofali vya kuchezea, likamuumbua Ba mdogo wangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita. Lakini juzi kuna mkuu mmoja kaleta uzi anawacheka watu wazima wanaokaa kujenga vifaru na wanajeshi kwa vitofali vya plastiki. Kaandika eti ni utoto, watafute kazi.

Nikacheka. Halafu nikanuna. Halafu nikasema ngoja niandike, maana hiyo hobby mimi niliianza kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Majina nayaficha, mengine yote ni kama yalivyotokea. Anayeona ni chai, apite taratibu isimmwagikie.

Mimi ni Mndengereko wa Maparoni, kule delta ya Rufiji. Vita vya Kagera vilipoanza, baba yangu alichukuliwa kwenye mgambo pamoja na mdogo wake. Siku moja, boti moja. Mimi nilikuwa na miaka minane.

Ba mdogo alirudi. Baba hakurudi.

Likaja neno tu kwamba hajulikani alipo. Na Ba mdogo alimwambia Mama maneno machache: "Shemeji, tulitenganishwa siku ileile pale Kibiti, yeye gari lake na mimi langu. Sikumwona tena."

Sasa wakuu, shikeni hapa, maana hapa ndipo penye uzi wenyewe.

Mama hakukaa eda. Mtu anakaaje eda ya mume ambaye hajathibitika kufa? Walikuja watu kumposa, akawarudisha. Na kila Shaaban, kwetu kabla ya mfungo watu huandika majina ya marehemu wao yasomewe hitima, Mama alikuwa mkali kama pilipili. "Jina la mume wangu lisiandikwe. Hamumwombei rehema mtu aliye hai, mtamtia mkosi."

Wanawake wenzake wakawa wanamcheka pembeni. Si mke, si mjane. Miaka kumi na tatu hivyo.

Tuje kwenye vitofali.

Ni enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, mwanzoni mwa tisini. Mitumba imejaa kila mahali, kafa Ulaya kama tulivyoiita. Nina miaka ishirini na moja, nauza nguo za bosi mmoja pale Kibiti, nakaa kwa Ba mdogo ambaye alikuwa fundi baiskeli jirani na stendi.

Siku moja tumefungua belo la nguo za watoto, katikati tukakuta mfuko umefungwa kamba. Ndani vitofali vya plastiki, vile vyenye vinundu juu, kimoja kinabanana na kingine. Na vijitu vidogo, vichwa vya njano, vyote vinacheka.

Bosi akasema, "Tupa takataka hizo."

Mimi nikabeba takataka zangu nyumbani.

Nilianza na kifaru. Mtutu nikaweka kipande cha spoku ya baiskeli, minyororo nikakata mpira wa tyubu. Umbo likakaa vizuri, tatizo rangi. Nyekundu, bluu, njano, jeshi gani hilo la rangi za peremende?

Nikajifanya mjanja. Nikachemsha magome ya mkoko, yale wanayotilia nyavu rangi, nikaviloweka vitofali siku tatu. Vikatoka vinang'aa kuliko vilivyoingia! Plastiki haina habari na mkoko. Mwisho fundi wa kuandika vibao akanigawia rangi ya kijani iliyobaki koponi, nikaichanganya na masizi ya sufuria. Hapo ndipo ikawa kijani ya jeshi yenyewe. Custom hiyo wakuu, bila YouTube.

Kwenye wanajeshi kukawa na kikwazo kingine. Ustaadhi wa jirani alikuja kuziba pancha, akaviona vijitu vyangu vimejipanga dirishani. "Astaghfirullahi! Kijana, sanamu zina macho na mdomo, malaika wataingiaje humu ndani? Futa sura."

Sikubisha. Nikachukua msasa, nikasugua nyuso zote. Basi jeshi langu lote likawa halina sura. Ukitaka kumtofautisha mtu na mwenzake ni kwa alichobeba tu.

Ba mdogo haya yote alikuwa anayaangalia kimya. Yeye si mtu wa maneno. Kitu kimoja tu watu walikuwa wanamtania nacho: hakai mbele ya gari. Akipanda gari la abiria anakwenda kiti cha nyuma kabisa, hata kama mbele kuna nafasi.

Nilipoanza lori la jeshi, ndipo aliposogea. Akaweka koleo chini.

"Tairi la akiba halikai hapo. Linakaa nyuma ya kichwa, kushoto."

"Umejuaje, Ba mdogo?"

"Nililiendesha."

Wakuu, miaka yote ile sikujua kama Ba mdogo alikuwa dereva vitani! Hakuna aliyejua.

Tangu siku hiyo kila akifunga kazi anakuja kukaa na mimi, ananielekeza. Turubai lilichanika huku, lichane. Taa hii haikuwa na kioo. Mlango wa kushoto ulikuwa haufungi, tulifunga kwa kamba. Nikatia kamba. Nilifurahi mno, nikajiona nina mshauri wa details ambaye duniani hayupo mwingine.

Tukaja kwa wanajeshi. Nilikuwa na saba.

"Huyu mpe sufuria, alikuwa mpishi. Huyu mpe redio. Huyu hana kiatu kimoja."

Nilisikia ile "alikuwa", lakini akili ya ujana haikai na neno moja. Nikaendelea kupaka rangi.

Kijitu cha saba akakishika mwenyewe muda mrefu.

"Huyu msukie msala, umkunjie mgongoni. Msala wa kusalia, wa ukindu. Ukingo mmoja mwekundu, ukingo wa pili mweupe, haukutiwa rangi."

Nikacheka. "Msala gani huo wa nusunusu, Ba mdogo?"

"Fanya nilivyokwambia!"

Alinifokea mpaka mteja aliyekuwa nje akachungulia. Hajawahi kunipandishia sauti kabla. Nikasuka. Mtoto wa msusi wa mikeka hakosi kujua kusuka ukili hata kama ni mwanamume, ila hatusemi mbele za watu. Msala wenyewe haukuzidi ukucha wa dole gumba, upande mwekundu, upande mweupe.

Wale sita tuliwapanga nyuma. Huyu wa msala Ba mdogo akamweka mbele, kushoto, pembeni ya kiti cha dereva. Kiti cha dereva kikabaki kitupu.

"Na dereva je?"

"Achana na dereva."

Ikafika Idi. Naaga nakwenda nyumbani Maparoni, Ba mdogo akaniambia, "Hilo lori liache hapa."

Nikadhani anaogopa litalowa maji ya chumvi. Nikaitikia, "Ndiyo, Ba mdogo," halafu nikalifunga ndani ya shuka nikalitia kwenye begi. Nilitaka sifa, nisiwadanganye. Kibiti mpaka Nyamisati, pale nikapanda boti, maji yalipojaa tukaingia mikono ya mto hadi nyumbani.

Mama alikuwa barazani anashona mkeka. Nikalitoa lori. Watoto wa jirani wakajaa, Mama akacheka mpaka machozi. "Loh! Mwanangu, ndevu zote hizo unachezea magari!"

Halafu akaacha kucheka. Akachomeka sindano kwenye mkeka. Akaingiza vidole viwili pale mbele, akamtoa yule mwanajeshi.

Akaukunjua ule msala.

"Nani kakwambia ulikuwa hivi?"

"Upi, Mama?"

"Msala wa baba yako. Nani kakwambia?"

Nikamwambia ni Ba mdogo.

Mama akawafukuza watoto, akanieleza. Asubuhi wanaondoka alikuwa anammalizia Baba msala wa safari. Ukindu mwekundu ukamwishia, ukingo mmoja ukabaki mweupe. Akamwambia, "Chukua hivihivi, nitaumalizia ukirudi." Akauviringisha ndani ya kanga, akautia kwenye mfuko wake. Ba mdogo alikuwa keshatangulia kwenye boti, hakuuona.

"Kama walitenganishwa siku ileile Kibiti," Mama akasema, "shemeji kauona wapi ulivyo?"

Njia ya mwongo fupi, lakini hii ilikuwa imekwenda miaka kumi na tatu.

Idi yetu ikaishia hapo. Kesho yake tuko botini mimi na Mama, tunarudi Kibiti. Yule mwanajeshi Mama amemfunga kwenye pindo la kanga.

Tulimkuta Ba mdogo ameinamia gurudumu. Mama hata salamu hakutoa. Akafungua pindo, akamweka yule kijitu juu ya meza ya kazi katikati ya nati na spana.

"Shemeji, huyu nani?"

Ba mdogo aliniangalia mimi kwanza. Ule mtazamo ninao mpaka leo. Halafu akakaa chini palepale kwenye vyuma vyake.

"Ni kaka," akasema. Akalia.

Akayatoa. Kumbe walikutana tena, ng'ambo ya Kagera. Yeye anaendesha lori, akamwona kaka yake anatembea na wenzake, miguu imevimba. Akasimama, akamwambia, "Panda, kaka. Njoo mbele kwangu." Baba akapanda, akautandika ule msala kwenye kiti maana kiti kilikuwa kimechanika. Hawakwenda mbali. Tairi la kushoto likakanyaga bomu la kutegwa ardhini. Yeye alirushwa nje, Baba akafia palepale kitini. Na wale sita wa nyuma alirudi mmoja tu, yule wa redio, naye hakumjua Baba kwa jina.

"Mimi ndiye niliyemwambia apande mbele," akasema. "Angekwenda na miguu yake mibovu angekuwa hai. Maneno haya nilikuja nayo mdomoni mpaka Nyamisati, shemeji. Nilipokuona umesimama unatungoja wawili, yakanirudi tumboni."

Mimi nilidhani Mama atalia. Hakulia. Alipandwa na hasira ambayo sijapata kuiona.

"Miaka kumi na tatu! Kuchekwa si kitu, nimezoea. Kukaa peke yangu si kitu. Lakini nimewakataza watu kumrehemu mume wangu! Kila mwaka wanasomewa wenzake, yeye namzuia mimi, mkewe, kwa mdomo wangu! Hilo umenifanyia wewe!"

Watu walikuwa wameanza kusogea, ustaadhi akawatawanya. Mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Ulimzika na nini?"

"Sanda haikuwepo. Nilimlaza juu ya msala wako."

Mama akavuta pua, akajifuta kwa kanga.

"Basi hakulala mchangani," akasema. Ndipo akalia.

Hitima ilisomwa wiki hiyohiyo Maparoni, na sala ya ghaibu, ya maiti aliyezikwa mbali. Shehe akasema eda ilikwishapita zamani, hadaiwi kitu. Mama akajibu anajua, akajifungia ndani siku kadhaa kwa hiari yake.

Lakini Mama hakusema na Ba mdogo. Miezi mingi. Mimi nikawa mtu wa kupeleka salamu zisizojibiwa. Mpaka ilipofika Shaaban, Mama akaniagiza, "Mwambie shemeji aje aandike jina la kaka yake. Mwandiko wako mbaya."

Mwandiko wangu si mbaya, wakuu. Ba mdogo alikuja na boti ya kwanza. Na kutoka Kibiti mpaka Nyamisati alikaa mbele ya gari, nilimwona mwenyewe.

Nililojifunza ni hili. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunausema kila siku, lakini anayeficha mara nyingi si mtu mbaya, ni mtu anayeogopa. Ukiwa na mzee aliyepita vitani, usimhoji kama polisi. Mpe kitu mkononi akirekebishe, atakwambia tairi la akiba lilikaa wapi, na mengine yatafuata yenyewe.

Na wewe mkuu uliyewacheka wajenga vitofali, sina ugomvi na wewe, ila njoo hapa chini useme kama bado ni utoto. Wengine wenye wazee wa vita ile, leteni yenu, nayasoma yote.

Najua kuna mtu atauliza lori liko wapi. Ninalo, liko juu ya kabati, kamba ya mlango bado ipo, na kiti cha mbele kushoto yuko Baba. Siku ile pale kwenye meza ya baiskeli, Mama alinirudishia. "Kijitu chako chukua, sanamu siweki ndani. Msala ni wangu."

Mama alifariki miaka kadhaa iliyopita. Tulipofungua mkoba wake wa ukindu tukaukuta ule msala mdogo wa kijitu, ndani ya kipande cha kanga.

Kingo zote mbili nyekundu. Alikuwa ameumalizia.