Siku Nilipomwita Baba Mkwe kwa Jina

Nimeolewa Unyakyusa nikitokea Kilolo, na kabla sijaondoka kwetu shangazi yangu alinikalisha jikoni akanionya: "Huko unakokwenda, baba mkwe hatazamwi ovyo." Nilicheka. Kwetu Uhehe baba mkwe unampokea mzigo, unapiga goti kidogo, basi, yameisha. Nilipofika Mbeya ndipo nilipoelewa. Wazee wa ukoo wa mume wangu bado wanashika mila ambayo wengi mjini wameiacha: mkamwana na baba mkwe hawakutani. Akiingia sebuleni, mimi natokea mlango wa jikoni. Nikimwona njiani, nakata kona, na yeye akiwahi kuniona, anakata yeye. Hatusalimiani, na jina lake silitamki.

Mwanzoni mila hiyo iliniudhi, maana mimi ni mwepesi wa kuudhika. Baadaye nikaizoea, na sasa naweza kusema naipenda. Mzee yule hajawahi kunifokea wala kunidharau. Nyayo zake nazijua kuliko uso wake, na mpaka leo, pamoja na yote yaliyotokea, bado tunakwepana vilevile.

Kazi yangu ni kutunza kanzidata ya hospitali moja ya misheni, yaani ghala la kompyuta lenye taarifa za wagonjwa wote. Watu wanadhani ni kazi ya kukaa mbele ya kioo na kunywa chai. Kazi yenyewe ni kuogopa. Unaogopa radi, unaogopa panya, unamwogopa mtu anayechomoa waya wa seva ili achaji simu yake. Kwa hiyo kila usiku mfumo unachukua nakala ya akiba ya ghala zima, na nakala hiyo inakwenda kukaa jengo lingine. Lakini nakala peke yake haitoshi. Mama yangu alikuwa akining'iniza mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jiko. Shamba likiharibika ulikuwa na pa kuanzia, ila unaanzia msimu uliopita. Nakala ni hivyo. Yaliyofanyika leo asubuhi hayamo.

Ya leo yanakaa kwenye logi, daftari la mfumo lililo kwenye diski yake peke yake. Huko mfumo unaandika kila jambo kwa mfuatano wake kabla haujaligusa ghala lenyewe: huyu kaandikishwa, huyu kapimwa damu, huyu kapewa dawa. Ghala likifa, unarudisha nakala ya usiku, kisha unauacha mfumo urudie yaliyomo kwenye logi, moja baada ya jingine, mpaka pale umeme ulipokatika. Na hapo kuna sheria moja kali. Jambo linahesabika kuwa limetokea pale tu lilipofungwa, daktari alipobonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kama aliandika nusu umeme ukaondoka, mfumo unaifuta ile nusu kana kwamba haikuwahi kuwepo. Vikaoni nilikuwa mtetezi mkubwa wa sheria hiyo. Nilikuwa nawaambia madaktari kwamba nusu ya maelezo inaweza kumuua mtu, bora kusiwe na maelezo kabisa.

Siku hiyo ilinyesha mvua ya radi tangu asubuhi. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Jenereta lilichelewa kuwaka, betri ya seva ikashindwa kustahimili, na diski yenye ghala ikafa. Mapokezi wakaanza wimbo wao, "Mfumo umegoma, jamani, subirini," na foleni nzima ikanigeukia kana kwamba radi nimeipiga mimi. Nilirudisha nakala kwenye mashine nyingine, nikaipitisha logi, na kufikia mchana ghala lilikuwa limesimama. Muuguzi mkuu akaniletea chapati mwenyewe, kwa mkono wake. Nilijiona mtu, kwa kweli.

Baada ya hapo desturi yangu ni kutazama yaliyofutwa. Ghala limeshayakana, lakini vipande vyake bado vinasomeka kwenye logi, nami huviorodhesha ili wahusika waitwe waanze upya. Vilikuwa vichache. Cha mwisho kilitoka chumba cha daktari bingwa wa njia ya mkojo, ambaye huja kwetu kwa zamu na huwaandikisha wagonjwa wake mwenyewe, na siku hiyo alikuwa ameshaondoka kuwahi ndege. Nikasoma. Mgonjwa anapata haja ndogo kwa shida na maumivu makali. Usiku anajilowesha, kwa hiyo ameacha kulala ugenini. Tezi dume imevimba vibaya, figo zimeanza kuguswa. Alazwe leo, awekewe mpira wa mkojo, asiruhusiwe kurudi nyumba. Hapo neno lilikatikia katikati. Ndipo nikapandisha macho kwenye jina.

Nilikiziba kioo kwa viganja vyote viwili. Chumbani nilikuwa peke yangu, sijui nilikuwa nakiziba asione nani. Uso ulinichoma. Mtu ambaye siruhusiwi hata kumtazama akinywa uji, nimesoma habari za nguo zake za ndani. Asubuhi ile alikuwa ameaga nyumbani kwamba anakwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Niliona aibu kwa ajili yake, na zaidi nilijionea aibu mimi, kwa sababu kabla ya kuliona jina nilikuwa nimesoma yote bila kushtuka, nikitafuna chapati.

Nikakimbilia mapokezi na karatasi yangu.

"Kuna mgonjwa wa bingwa alikuja hapa kuulizia?"

"Kuna babu mmoja," alisema dada wa mapokezi, mtani wangu wa siku zote. "Kasema daktari kamwambia aje aambiwe pa kwenda. Nikaangalia, hamna kitu. Nikamwambia babu, huku hauna kitu, urudi siku nyingine. Kashukuru huyo! Katoka sasa hivi, kama kafunguliwa jela. Ndo nani?"

Nikaweka kidole kwenye jina.

"Si useme?"

"Soma mwenyewe."

Akasoma, akaniangalia, akaangalia ukoo wa mume wangu ulivyoandikwa pale. "Haa! Mkweo? We Mhehe, mila za Wanyakyusa umezimeza kuwashinda wenyewe!" Kisha akasoma kilichoandikwa chini yake na utani ukamwisha. Akalitangaza jina kwenye kipaza sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuitika mtu. "Mpigie mumeo basi."

Mume wangu alikuwa Chimala, kwenye mpunga. Ningempigia, angewapigia ndugu zake, na kufikia jioni ukoo mzima ungejua kile ambacho mzee alikuwa amekificha hata kwa mkewe. Na nisingempigia, mzee angefika nyumbani, na huyo nilijua harudi tena hospitali. Alikuwa amekusanya ujasiri wa mara moja, nao tulikuwa tumemrudishia mlangoni.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema mwenzangu, sasa kwa sauti ya chini.

Nikatoka na viatu vyangu vya ofisini.

Nilimkuta barabarani, chini ya geti, kofia kichwani, akiteremka kuelekea stendi. Nikaharakisha. Akageuka kidogo, akaniona, na akafanya kile ambacho baba mkwe mwema hufanya: aliinamisha kichwa akaniachia njia, akavuka upande wa pili. Nikavuka. Akaingia kati ya meza za wauza parachichi. Nikaingia. Kadiri nilivyomkaribia ndivyo alivyozidi kuniheshimu, na mzee wa watu anatembea kwa maumivu, sasa nayaona, anajishika ubavuni, lakini anakazana ili mkamwana wake asiaibike. Wauza parachichi wakaacha biashara yao.

"Jamani, mama anamkimbiza mzee! Kamwibia nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mbele kulikuwa na gari dogo la abiria na kondakta ameshamshika mzee mkono ampandishe. Nikaita, "Baba!" Wazee wote waliokuwa pale wakageuka isipokuwa yeye. Alijua mkamwana haiti.

Basi nikaliita jina lake. Niliita lote, lake na la baba yake, kwa sauti ya mapokezi, katikati ya barabara, mvua ikinyesha.

Alisimama. Hakugeuka. Nami nikampa mgongo, kwa sababu heshima iliyobaki ilikuwa hiyo tu, tukasimama hivyo, yeye akitazama gari, mimi nikitazama ukuta wa duka la vocha.

"Daktari hakumaliza kuandika," niliuambia ukuta. "Umeme ulikatika. Anataka ulazwe leo. Usirudi nyumbani."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona kwenye mfumo."

"Umeona."

"Nimeona, baba."

Gari likapiga honi. Kondakta akauliza kama babu anapanda au hapandi.

"Yote?" mzee akauliza.

Ningeweza kusema uongo, na nadhani ungekuwa uongo wa adabu. "Yote," nikasema, na machozi yakanitoka kwa aibu, si kwa huruma, nisijisingizie.

Nilisikia gari likiondoka. Kisha akasema, "Ndaga," yaani asante kwa kwao, na baadaye, "Tangulia."

Nikatangulia. Nilipanda kile kilima bila kugeuka, nikisikiliza nyayo zake nyuma yangu, nikipunguza mwendo kila zilipokawia.

Pale mapokezi ilibidi aandikwe upya, maana ghala halikuwa na habari zake. Mwenzangu alishika kazi na mimi nikajificha nyuma ya mlango wa chumba cha mafaili, mahali ninaposikia bila kuonwa. Akamuuliza umri, kijiji, dini. Mzee akajibu kwa upole.

"Ndugu wa karibu, babu? Mtu wa kupigiwa simu likitokea lolote. Tuandike kijana wako mkubwa?"

"Hapana," alisema mzee.

Akataja jina langu. Hakusema mama fulani, kama nyumba nzima inavyoniita. Alilitaja jina nililopewa na baba yangu Kilolo, akaliambatanisha na jina la baba yangu, bila kukosea. Sikuwahi kudhani analijua.

"Simu yake mimi siijui," akaongeza. "Lakini yuko hapo nyuma ya mlango."

Mwenzangu akaniita nitaje namba. Nilishindwa kutoka. Niliitaja kutoka hapohapo, nimeshikilia kitasa, na nilipomaliza nilimsikia ananyanyuka ili ampeleke mzee wodini.

"Bonyeza kuhifadhi kwanza," nikamwambia. "Umeme usije ukakatika tena."