Picha ya Mama Akipiga Alizeti

Mimi nikishika kamera sina aibu, na ushauri sitaki. Watu wa kwetu Iramba ukisema unawapiga picha wanakimbilia ndani: kitenge cha sikukuu, viatu, mafuta usoni. Wanarudi kusimama wima, mikono ubavuni, hakuna anayecheka. Na ole wako ukate miguu kwenye picha! Mimi nawataka wakiwa kazini, ndiyo maana tunagombana kila siku.

Jirani yangu hapa Ulemo ni mjane, umri wa mama yangu. Mtoto wake mmoja tu, wa kiume, yuko Dar es Salaam na ana miaka hajarudi. Kila baada ya mavuno nampiga mama picha ya kusimama, namtumia kijana kwenye simu. Naye hujibu, "Mama umependeza, umenenepa." Basi, mpaka mwaka mwingine. Nilikuwa nachukia sana.

Mwaka huu nilimkuta uani anapiga alizeti kwa fimbo, peke yake, kanga kiunoni, makapi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akajibu bila kuinua kichwa.

Nikapiga. Kumwonyesha tu, akawaka.

"Weee! Unataka kuniumbua? Futa! Mwanangu anione nimechakaa hivi?"

"Ndiyo, akuone," nikamwambia. "Kila mwaka tunamtumia mtu aliyenawiri, mama. Nani ataacha kazi zake kumkimbilia mtu wa hivyo?"

Nilijua atanifukuza. Badala yake akakaa juu ya gunia, akaitazama tena ile picha, akapitisha kidole kwenye mgongo wake uliopinda.

"Kumbe nimezeeka," akasema. Kisha, "Haya, tuma. Asipokuja kwa hiyo, basi tena, nijue sina mtoto."

Nikatuma. Kijana hakujibu siku hiyo, wala kesho yake. Kila nilipopita, mama aliangalia mkono wangu wenye simu. Hapo niliogopa, sisemi uongo.

Jumamosi kijana akateremka kwenye basi na begi lake. Nikamfuata hadi uani, kamera tayari, maana picha kama ile haiji mara mbili. Mama akatupa fimbo, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili. Nikainua kamera.

"We, weka hiyo chini," mama akasema bila kunigeukia. "Ngoja kwanza nimwangalie mwenyewe."